Makaa yanazimwa, waya unabaki

Kwenye grupu letu la mafundi sola kuna video imezunguka karibu wiki nzima, mabomba ya moshi ya kituo cha makaa ya mawe yanalipuliwa kwa baruti huko Australia, vumbi linatanda, alafu inakuja picha ya makontena meupe yamejipanga safu kwa safu kwenye kiwanja cha kokoto na maandishi makubwa kwamba betri imechukua nafasi ya makaa. Basi vita. Huyu anasema uongo mtupu, betri haizalishi hata wati moja, yule anasema wenzetu wameshafika mbali sisi bado tunahangaika na nguzo za miti, mwingine kaingiza siasa, admin kafunga grupu. Mi nilikuwa nimeshaanza voisnoti ndefu, nikaona bora nihamishie huku kwenye blogu ambako hakuna wa kunifungia.

Tuanze na hesabu maana hapo ndo watu wanapigana bure. Chukua kituo cha Liddell, kiko bonde la Hunter jimbo la New South Wales. Kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kilijengwa kwa megawati 2,000, na mtambo wake wa mwisho ulizimwa Aprili 2023. Wenye kituo, kampuni ya AGL, mwaka uliofuata wakaanza kujenga betri palepale, megawati 500, megawati-saa 1,000. Sasa wewe kama umewahi kumfungia mteja inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola na betri uwe wa kutumia nyumbani) ya kilowati 5 na betri ya kilowati-saa 5 unajua hivyo ni vitu viwili, na unajua wateja wanavyovichanganya kila siku. Megawati ni unene wa bomba linalotoka kwenye simtanki, megawati-saa ni lita zilizomo ndani. Chukua hizo megawati-saa 1,000 ugawe kwa megawati 2,000 za Liddell enzi zake, unapata nusu saa. Yaani betri lote hilo lililogharimu mamia ya mamilioni ya dola likijaa mpaka juu limebeba umeme ambao Liddell ikiwa nzima ilikuwa inautoa kwa muda wa kipindi kimoja cha taarifa ya habari.

Kwa hiyo anayesema betri haijachukua nafasi ya makaa kwenye hesabu yuko sawa kabisa, wala simpingi. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kituo cha makaa kilikuwa na kazi nyingi zimefungwa kwenye fungu moja na sisi tulikuwa tunaiona ile moja tu ya kuzalisha. Kikizimwa hizo kazi zinagawanywa, kuzalisha kunakwenda kwa jua na upepo na gesi na maji, na betri inapewa zile nyingine ambazo mteja wa kawaida hajui hata kama zipo mpaka siku zikikosekana.

Multimita yangu ina sehemu ya kupima hezi, yaani wimbi la umeme linajirudia mara ngapi kwa sekunde. Nikiwa kwa mteja nasubiri mtu alete funguo au alete pesa huwa naichomeka tu kwenye soketi naangalia namba inavyocheza, 50.0, 49.9, 50.1, jioni unaikuta 49.8 na ukiona imekaa chini sana unajua kuna mahali watu wanahangaika. Gridi yetu ni hezi 50, Kenya 50, Australia nao 50. Hiyo namba ndo inayosema kama umeme unaoingia kwenye gridi unalingana na unaotoka. Watu wakiwasha vitu vingi kuliko kinachozalishwa, majenereta yote yaliyounganishwa yanalemewa kidogo, yanapunguza mwendo, namba inashuka, na ikishuka sana mitambo inaanza kujitoa yenyewe ili isiharibike, ikijitoa namba inashuka zaidi, mwisho wake nchi nzima giza.

Kwenye kituo cha makaa mtambo ni chuma cha mamia ya tani kinazunguka mara 3,000 kwa dakika. Chuma kizito namna hiyo hakisimami ghafla, hata moto ukipungua kinaendelea kuzunguka kwa nguvu zake, kwa hiyo kituo kingine kikianguka kilomita mia tano huko, hiki chuma kinaishikilia ile namba kwa sekunde chache mpaka watu wa kituo cha kuendesha gridi wapate pumzi. Hiyo ni kazi namba moja ya makaa isiyoonekana kwenye bili.

Jimbo la South Australia liliijua kwa njia ngumu. Kituo chao cha mwisho cha makaa, Northern pale Port Augusta, kilizimwa Mei 2016. Tarehe 28 Septemba mwaka huohuo ikapiga dhoruba, ikaangusha minara 23 ya njia kuu za umeme, volteji ikaanza kuyumba, mashamba ya upepo yakajitoa kwenye gridi kwa sababu mipangilio yao ya usalama ilikuwa imewekwa hivyo, kwamba ukiona hitilafu kadhaa mfululizo jitoe, na njia iliyokuwa inaleta umeme kutoka jimbo la jirani la Victoria ikazidiwa nayo ikakatika. Jimbo zima likazimika, watu milioni 1.7. Kelele zilizofuata unaweza kuzifikiria, wanasiasa wakasema ni upepo, wengine wakasema ni minara, na kwakweli ilikuwa vyote viwili, minara ndo ilianzisha na ile mipangilio ya mitambo ya upepo ikamalizia.

Hapo ndo akaingia Elon Musk wa kampuni ya Tesla na lile dau lake la Twitter, Machi 2017, kwamba atajenga betri ya megawati 100 ndani ya siku 100 tangu mkataba usainiwe, akishindwa ni bure. Wengi tuliona ni mbwembwe. Mkataba ukasainiwa tarehe 29 Septemba na tarehe 1 Desemba 2017 betri ya Hornsdale, karibu na mji mdogo wa Jamestown, ikaanza kazi rasmi, megawati 100 na megawati-saa 129, pembeni ya shamba la upepo la kampuni ya Neoen. Wakati huo ndo ilikuwa kubwa kuliko zote za litiamu duniani, sa hizi ukiitaja watu wanaona kama ya kuchezea.

Lakini kilichonifanya mimi nianze kufuatilia haya mambo ni kilichotokea wiki mbili baadaye. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba, mtambo mmoja wa makaa pale Loy Yang, jimbo la Victoria, ulikuwa unatoa megawati 560 ukajizima ghafla. Hornsdale iko karibu kilomita elfu moja kutoka hapo. Frikwensi, yaani ile namba ya hezi, ikaanza kuporomoka, na kabla hata kituo kilichokuwa zamu hakijaitika betri ilikuwa tayari imeshaona na imeshaanza kusukuma umeme, ndani ya sehemu ya sekunde. Ikashuka mpaka 49.80 ikaanza kupanda. Kituo kilichokuwa na mkataba wa kuokoa hali usiku ule kilikuwa cha makaa, Gladstone kule Queensland, na chenyewe kilifanya kazi yake vizuri tu kwa mujibu wa mkataba, sekunde chache baadaye.

Sasa watu mtandaoni walikuza hiyo stori mpaka ikaonekana betri iliokoa Australia peke yake. Hapana. Ilisukuma kama megawati 7 hivi dhidi ya 560 zilizopotea. Ila mtu anayejua umeme hakushangaa ukubwa, alishangaa kasi. Boila ya makaa huwezi kuiambia ongeza sasa hivi ikaongeza sasa hivi, kuna mvuke, kuna vali, kuna moto. Betri ni swichi za kielektroniki tu. Na baada ya hapo hesabu ya pesa ikafuata, ripoti ya wahandisi wa Aurecon ilisema mwaka 2019 peke yake hiyo betri iliwapunguzia watumiaji gharama zaidi ya dola milioni 100 za Australia kwenye soko la kulinda frikwensi, maana kabla yake vituo vichache vya gesi vilikuwa vinajipangia bei vinavyotaka. 2020 wakaiongeza ikawa megawati 150.

Kazi ya pili ni ya jioni na hii hata mama wa nyumbani anaielewa. Australia nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zina sola juu ya paa. Saa saba mchana umeme unamwagika, soko lao linapanga bei kila dakika 5, na mchana wa jua kali bei inashuka mpaka chini ya sifuri, yaani mzalishaji ndo analipa ili umeme wake uchukuliwe. Boila ya makaa haipendi kabisa hayo maisha. Huwezi kuizima saa nne asubuhi ukaiwasha saa kumi jioni kila siku, chuma kinapasuka, mafuta ya kuiwashia ni ghali, kwa hiyo inakaa mchana inachoma makaa kwa hasara ikisubiri saa kumi na mbili watu warudi nyumbani wawashe majiko. Hiki ndo kinachoviua vituo vya makaa kule, umri wa mitambo na mchana usio na faida, mambo ya mazingira yanafuata nyuma. Betri inakula huo umeme wa mchana wa bei ya kutupa inautema jioni. Ikiweza kutema kwa masaa mawili, sa hizi mpaka masaa manne mfululizo, inatosha kuvuka kile kilima cha jioni.

Na hapa ndo nafika kwenye lile ambalo grupu zima hawakuligusa. Kwa nini palepale? Australia ina ardhi mpaka inachosha, kwa nini uje kubanana kwenye kiwanja cha kituo kizee chenye majivu na lami?

Jibu ni waya. Kituo cha makaa ukikibomoa, mabomba yakalala chini, boila ikakatwa vipande ikauzwa chuma chakavu, kinachobaki pale chenye thamani kuliko vyote ni kile kituo cha kupoza umeme na njia za msongo mkubwa zinazotoka pale kwenda mjini. Kilovoti 330, kilovoti 500. Njia kama hizo ukitaka kujenga mpya leo unaanza na vibali, wenye mashamba wanakataa, kesi, fidia, miaka kumi inaweza kuisha hujasimika mnara hata mmoja. Zile za makaa zilishajengwa miaka ya 60 na 70, zimelipiwa, ziko wima, na kituo kikifungwa zinakuwa zinaning'inia na nafasi tupu. Anayeweka makontena yake pale anachomeka tu, nasema anachomeka kirahisi lakini mnanielewa.

Ndo maana ukifuatilia ramani ya betri kubwa za New South Wales ni kama unasoma ramani ya makaburi ya makaa. Munmorah, kituo kilichofungwa 2012, leo kuna Waratah Super Battery, megawati 850, megawati-saa 1,680. Wallerawang, kilichofungwa 2014, nako kuna mipango ya betri. Liddell, nimeshasema. Eraring, ambacho ndo kituo kikubwa kuliko vyote Australia, megawati 2,880, kiko pembeni ya ziwa Macquarie na bado kinanguruma, lakini wenye kituo, kampuni ya Origin, wamejenga betri ndani ya eneo lao kwa mpango wa kufika megawati 700. Ukienda Victoria kuna Hazelwood nao hivyohivyo, kituo cha megawati 1,600 kilifungwa Machi 2017, na 2023 pale pale ikawashwa betri ya megawati 150. Mpaka Hawaii, kisiwa cha Oahu, kituo chao cha mwisho cha makaa cha megawati 180 kilizimwa Septemba 2022 na betri ya Kapolei ya megawati 185 ikawashwa kabla 2023 haijaisha, hiyo ndo mojawapo ambayo megawati zake zililengwa zifanane kabisa na za makaa yaliyoondoka.

Hii ya Waratah ngoja niikalie kidogo maana ni nzuri na watu hawaielewi. Kazi yake kubwa haikuwa kununua umeme rahisi na kuuza ghali. Njia za umeme zinazokwenda Sydney, kama njia yoyote, haziruhusiwi kubeba uwezo wao wote, lazima uache nafasi ili njia moja ikikatika kwa radi au moto wa msitu zile zilizobaki zibebe mzigo wake bila kuungua. Hiyo nafasi ipo pale miaka yote haitumiki. Waratah wakasema sisi tutakaa tayari, megawati zisizopungua 700 zimetengwa, njia ikikatika mfumo wetu unaona papohapo, betri inasukuma umeme upande wa mjini na wakati huohuo mitambo iliyo upande wa pili inaamriwa ipunguze. Kwa hiyo zile njia zilizopo sasa zinaweza kubebeshwa mzigo zaidi siku za kawaida, bila kujenga mnara mpya. Betri imekuwa kibadala cha njia ya umeme! Fikiria umemfungia mteja betri ambayo asilimia kubwa ya maisha yake inakaa imejaa haifanyi kitu na hiyo ndo kazi aliyokulipa.

Binamu yangu anaishi Newcastle, sio mbali na huko, yeye ni nesi wala hana habari na mambo ya umeme, ila anachonitumia mara kwa mara ni video za treni za makaa. Ndefu, huoni mwisho. Kwa sababu bandari ya Newcastle ndo bandari kubwa kuliko zote duniani kwa kusafirisha makaa ya mawe nje. Yaani wanazima vituo vyao huku behewa zinapita mbele ya geti kwenda melini kupelekwa Asia. Sisemi kitu, naweka tu hapa.

Sasa tuje kwenye matatizo maana nikisifia tu mtasema nimelipwa.

Moja, ule uzito wa chuma. Inveta nyingi za betri na sola ni zile za kufuata gridi, kama ile ongridi unayomfungia mteja, Tanesco wakikata na yenyewe inalala hata kama jua linawaka, kwa sababu haina wimbi la kufuata. Gridi iliyojaa inveta za kufuata na hakuna chuma cha kufuatwa ni hatari. South Australia ilibidi wanunue mashine nne kubwa zinazozunguka bure bila kuzalisha chochote, zikawa kazini 2021, kazi yake ni kuwa chuma kizito kwenye gridi. Baadaye zimekuja inveta za kuunda gridi, hizi ziko kama ofgridi yako ya nyumbani, zinatengeneza wimbi lake zenyewe, na Hornsdale 2022 iliruhusiwa kutoa huduma ya namna hiyo. Sisi mafundi wadogo tumekuwa tunafunga hizo ofgridi miaka yote vijijini bila kujua kwamba wakubwa wanahangaika namna ya kuifanya kwa megawati mia.

Mbili, moto. Julai 2021 betri ya Victoria karibu na Geelong, ya megawati 300, ikiwa kwenye majaribio tu haijaanza hata kazi, kontena moja lilishika moto likaambukiza la pili, chanzo maji ya kupoozea yalivuja ndani. Zimamoto walikaa siku kadhaa, na kwa betri hizi hupigi maji unazima, unapoza majirani unaacha linaloungua liungue. Huko Marekani, Moss Landing jimbo la California, Januari 2025, ilikuwa mbaya zaidi, watu zaidi ya elfu moja waliambiwa wahame nyumba zao. Na pale kuna somo linalohusu hii mada moja kwa moja, betri za Moss Landing zilizoungua zilikuwa zimepangwa ndani ya jengo la zamani la mitambo ya kituo cha gesi, chini ya paa moja. Kurithi waya wa kituo kizee ni akili. Kurithi jengo lake, mi nasema hapana, weka makontena nje, yaachie nafasi katikati, na tumia kemia ya chuma na fosfeti ambayo ni ngumu kidogo kushika moto, ambayo bahati nzuri ndo wengi wanatumia sa hizi.

Tatu, vitu vya kizamani vinaangusha vya kisasa. Oktoba 2025 Waratah yenyewe, superbetri, transfoma moja kati ya tatu kubwa iliharibika vibaya. Betri zenyewe hazina shida, programu haina shida, transfoma moja tu ndo imekwamisha. Na transfoma za saizi ile hakuna duka unaingia unanunua, unaagiza unasubiri.

Na tarehe za kufunga makaa zinateleza. Eraring walitangaza Februari 2022 kwamba watazima Agosti 2025. Mei 2024 wakakaa na serikali ya jimbo wakasogeza mpaka Agosti 2027, kwa sababu betri na njia mpya na mashamba ya upepo havikuwa tayari kwa wakati, na Januari 2026 wakasogeza tena mpaka Aprili 2029. Kuna watu walikasirika sana, mi naona bora hivyo kuliko walivyofanya Hazelwood, ambao walitangaza Novemba 2016 na Machi 2017 wamefunga, miezi mitano tu, bei ya umeme ikapaa jimbo zima, wafanyakazi mamia wakajikuta barabarani. Baada ya pale kanuni zikabadilishwa, mwenye kituo akatakiwa atoe taarifa angalau miaka 3 kabla.

Wafanyakazi ndo eneo ambalo betri haina jibu, tusidanganyane. Wakati wa kujenga mnaajiriwa wengi, wachimba mitaro, mafundi nyaya, madereva wa kreni. Ikishawashwa wanabaki wachache mno, mlinzi, fundi wa feni na wa kupoozea, na mtu mmoja mbali huko ofisini anaangalia skrini. Liddell walipona kwa sababu kituo kingine cha AGL, Bayswater, kiko ng'ambo ya barabara tu na wengi walihamishiwa huko, lakini na Bayswater nayo siku yake ipo.

Kwa Afrika mfano wa kuangalia ni Komati, Mpumalanga, Afrika Kusini. Kituo cha megawati 1,000 cha Eskom, shirika la umeme la huko, kizee cha tangu miaka ya 60, mtambo wa mwisho ulizimwa tarehe 31 Oktoba 2022, na mwezi uliofuata Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 497, sola megawati 150, upepo 70, betri megawati 150, palepale. Kwenye karatasi ni Australia tupu. Ila kituo kilizimwa kwanza, vingine vikaja vinajivuta nyuma. Eskom waliwahamisha waajiriwa wao wa kudumu kwenda vituo vingine, lakini mama aliyekuwa anauza chakula getini hakuhamishwa na mtu, wala vijana wa kontrakta, wala mwenye vyumba vya kupanga, na tume ya rais ya masuala ya tabianchi ilienda ikasema wazi kwamba jamii ya pale haikuandaliwa. Na hii ni nchi iliyokuwa kwenye mgao wa umeme mkali kabisa. Ukimuuliza mtu wa Komati kuhusu makontena meupe atakuambia hayo ni maneno ya kwenye semina. Betri za kwanza kubwa za Eskom zenyewe zilianzia kwingine kabisa, Worcester kule Western Cape, megawati 20 kwa saa 5, Novemba 2023.

Sasa swali lililojirudia grupuni, na sisi je? Sisi kituo kikubwa cha makaa cha kuzima hatuna. Kenya walitaka kujenga kimoja Lamu, megawati 1,050, pembeni ya mji ambao UNESCO wameuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, wavuvi na wenyeji wakaenda kwenye baraza la kesi za mazingira na Juni 2019 leseni ya mazingira ikafutwa. Kwa hiyo hatuna waya wa makaa wa kurithi. Tulichonacho ni zile kazi nyingine mbili, frikwensi na jioni, hizo tunazo tele. Kenya tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilizima mpaka uwanja wa ndege wa JKIA, Kenya Power wakasema ilianzia kwa umeme wa upepo wa Turkana kutoka ghafla, watu wa Turkana wakasema hapana gridi yenu ndo ilileta volteji ya juu mitambo ikabidi ijitoe. Soma tena ile stori ya South Australia 2016 uone zilivyo ndugu. Na Olkaria, kule Kenya wanakozalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, usiku wa manane mvuke unaachiwa angani kwa sababu watu wamelala hakuna wa kuutumia, alafu saa moja jioni inayofuata umeme hautoshi. Hapo betri ina kazi leo leo bila kusubiri makaa ya mtu. Kwetu Tanzania bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 linatupunguzia hiyo shida ya jioni, maji yanakaa yanasubiri, ila bwawa liko Rufiji na mzigo uko Mwanza na Arusha, na njia ndefu ikikatika bwawa halikusaidii chochote. Mahali pa kufikiria betri kwetu mi naona ni kwenye ncha za njia huko mbali, ile kazi ya Waratah, kuliko kuiweka pembeni ya bwawa.

Bei yenyewe imeshuka sana, watafiti wa soko la nishati wa BloombergNEF wanasema wastani wa pakiti ya litiamu 2024 ulikuwa dola 115 kwa kilowati-saa, mwaka 2010 ilikuwa zaidi ya elfu moja. Kwa hiyo tatizo kwetu haliko kwenye bei ya kontena tena. Liko kwenye nani analipwa kwa kipi. Hornsdale ilitajirika kwa sababu Australia kuna soko, ukilinda frikwensi unalipwa, ukiuza jioni unalipwa bei ya jioni. Sisi mzalishaji ana mkataba wa miaka 20 wa kuuza kila yuniti kwa bei moja mchana na usiku, na hakuna mstari wowote kwenye mkataba unaosema umekaa tayari umejaa ukisubiri njia ikatike shika hela yako. Mwekezaji akija na betri leo mkataba wake itabidi uandikwe upya kabisa, alipwe kwa kuwa tayari na sio kwa yuniti alizouza, na hapo ndo najua wanasheria na wakaguzi watauliza kwa nini tunamlipa mtu ambaye mita yake haijasoma kitu mwezi mzima. Mwenye kujua kama wadhibiti wa nishati, EWURA wa Tanzania au EPRA wa Kenya, wameshaanza kuandika kanuni za namna hiyo aniandikie kwenye komenti, admin wa huku ni mimi na sifungi.